Barua ya wazi: Kabla ya kuandika jina la kaunti, andikeni kazi ya orodha

Kwa Waziri anayesimamia Maeneo Kame na Maendeleo ya Kanda,
Kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume ya Ugavi wa Mapato,
Kwa Maseneta na Magavana wa kaunti zote zinazohusika,

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Madogo, upande wa magharibi wa Mto Tana, mahali ambapo bodaboda humvusha mtu daraja na kumfikisha mjini Garissa kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza na dereva. Huko ng'ambo ndiko tunakouza mbuzi, ndiko tunakolaza wagonjwa wetu, na ndiko tunakonunua sare za shule kila Januari. Kwa mujibu wa ramani, hata hivyo, sisi ni wa Kaunti ya Tana River, makao makuu yetu yako Hola, safari ndefu kuelekea kusini, na kwa hesabu ya mikoa ya zamani sisi ni watu wa Pwani, ingawa wapo wazee hapa ambao hawajaiona bahari hata siku moja. Nimefundisha katika shule za msingi za sehemu hii kwa zaidi ya miaka 30, na tangu nilipostaafu kazi yangu kubwa imekuwa kuwasaidia vijana kujaza fomu. Ni fomu hizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mwaka juzi nilikaa na mpwa wangu katika saiba moja ya Garissa tukijaza maombi ya ufadhili wa masomo uliotangazwa kuwa ni wa vijana wa Kaskazini mwa Kenya. Kijana alikuwa na alama, alikuwa na barua ya chifu, na kila stakabadhi iliyotakiwa ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri. Tulipofika mahali pa kuchagua kaunti, orodha ikafunguka: Garissa, Isiolo, Mandera, Marsabit, Samburu, Turkana, Wajir. Akaishusha, akaipandisha, akaishusha tena. Tana River haikuwamo. Mwenye saiba, kwa nia njema kabisa, akamwambia achague Garissa tu, kwani nani angejua. Nikakataa, maana kitambulisho chake kingemuumbua. Mwaka uliofuata tukaomba kwingine, katika mpango wa vijana wa Pwani, ambako jina la kaunti yetu lilikuwamo. Nilipopiga simu kuulizia matokeo, afisa aliyepokea aliitazama anwani, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Madogo si ni Garissa hiyo, mwalimu?" Mpwa wangu hakupata huku wala kule. Sizitaji taasisi hizo kwa sababu siamini kwamba kuna aliyemkusudia ubaya. Walikuwa wakitumia orodha waliyoikuta mezani.

Kaskazini mwa Kenya haina mpaka uliowekwa na sheria. Katiba ya 2010 inazitaja kaunti 47 katika Jedwali la Kwanza, moja baada ya nyingine, na haiweki kanda yoyote juu yake. Hata hivyo neno "Kaskazini" limejaa katika sera, katika mikataba ya wafadhili na katika hotuba za viongozi. Mwaka 2008 iliundwa wizara nzima ya maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na maeneo mengine kame, na ni hayo "maeneo mengine" yaliyoonyesha mapema kwamba hata waliounda wizara hawakuwa tayari kusema Kaskazini inaishia wapi. Tangu hapo kila mwenye mradi amejihesabia kwa vidole vyake. Anayefuata mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki atakutajia 3, yaani Garissa, Wajir na Mandera, na kuiacha nje Marsabit iliyopakana na Ethiopia. Mpango wa kuzipa fedha taslimu familia zinazokabiliwa na njaa ulianzia katika 4: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Baraza la Maendeleo ya Kaunti za Mipakani, maarufu kama FCDC, lilianza na 7 na sasa lina 10. Tume ya Ugavi wa Mapato, katika sera yake ya kwanza ya maeneo yaliyotengwa, ilitaja 14. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hufuatilia 23. Wizara nayo inasema kwamba maeneo kame na nusu kame yamo katika kaunti 29, ambazo ni zaidi ya nusu ya nchi hata kabla hujatazama ukubwa wake.

Sisemi kwamba mojawapo ya hesabu hizi ni ya uongo. Kila moja ilikuwa na kazi yake, na kwa kazi hiyo huenda ilikuwa sahihi kabisa. Matatizo huanza pale orodha inapotoka kwenye kazi iliyoizaa na kwenda kufanya nyingine, huku watu wakiamini kwamba ndiyo maana ya kudumu ya neno "Kaskazini".

Dira nayo haitusaidii. Mji wa Garissa, ambao kwa Mkenya yeyote ndio mlango wa Kaskazini, uko kusini mwa ikweta. Kitale, Eldoret, Bungoma na Kakamega iko kaskazini mwa ikweta, lakini mtu akiwaambia wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia kwamba wao ni watu wa Kaskazini watadhani amepotea njia. Turkana imefika juu kabisa kwenye ramani ya nchi, na bado kwa miongo mingi iliandikwa chini ya Bonde la Ufa, fungu moja na Kericho na Nakuru. Kwa hiyo tunaposema Kaskazini hatusemi upande wa dunia. Tunasema ukame, tunasema ufugaji wa kuhamahama, tunasema umbali na barabara mbovu, tunasema mpaka wa nchi, na wakati mwingine, tuwe wakweli, tunasema dini na kabila bila kuyataja. Mambo hayo hayana mpaka mmoja, kwa hiyo hata orodha zikiandikwa kwa uaminifu mkubwa hazitalingana.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wanaoandaa orodha hizi maofisini hawaijui historia hii, nasi tuliokulia hapa tumeibeba.

Serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee mpaka leo huiita NFD, kuwa eneo lililofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, sehemu moja ya eneo hilo ikawa Kaskazini Mashariki, na Isiolo na Marsabit zikawekwa upande wa Mashariki, huku sisi wa Tana River tukiwa Pwani pamoja na Lamu. Mwezi Desemba mwaka huo huo ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Shifta, yaani uasi wa waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia. Mwaka 1966 zikatolewa kanuni zilizompa askari na mtawala mamlaka makubwa juu ya watu na mifugo yao, na kanuni hizo hazikuishia katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Zilihusu pia "wilaya zinazopakana nao": Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika maeneo hayo tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967, na orodha ya maeneo ikawa ile ile. Hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki haikuondolewa mpaka mwaka 1991.

Itazameni orodha hiyo vizuri. Tana River ilikuwa ya Kaskazini ya kutosha kuwekewa kanuni za hali ya hatari, lakini ilipofika zamu ya fomu ya mpwa wangu ikawa si ya Kaskazini ya kutosha kupewa ada ya chuo. Na tazameni hili pia: magavana walipokutana takriban nusu karne baadaye kuunda FCDC, kaunti saba za mwanzo zilikuwa Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ni mkoa ule na wilaya zile nne za kanuni za 1966, bila kupungua wala kuzidi. Turkana, Samburu na Pokot Magharibi zilijiunga baadaye. Kwa hiyo kundi hili ambalo wengine huliona kama mkusanyiko wa kisiasa wa juzi lina mshikamano wa zamani kuliko kaunti zenyewe; jeraha ndilo lililouchora mpaka wake. Nikisikia mtu anauliza Lamu, kisiwa cha majahazi na mikoko, inatafuta nini kwenye meza moja na Mandera, humwelekeza kwenye sheria hiyo ya 1970.

Kulikuwa na orodha nyingine ya zama hizo, ambayo haikuandikwa kwa majina. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la pato, yaani kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, penye usafiri na umeme. Hakuna wilaya iliyotajwa kuwa itaachwa. Hapakuwa na haja. Kila ofisa aliyeusoma alijua mvua inanyesha wapi. Ndiyo sababu ilibidi Katiba ya 2010, katika kifungu cha 204, iweke Hazina ya Usawazishaji na kuitengea nusu asilimia ya mapato yote ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, mpaka huduma hizo zifikie kiwango wanachokipata Wakenya wengine kwa jumla. Watu wa Marsabit na Moyale walipokuwa wakisafiri kwenda Nairobi walikuwa wakisema wanakwenda Kenya, na hawakuwa wakitania.

Sasa nije kwa Tume, kwa sababu ndiyo iliyopewa na kifungu cha 216 kazi ya kuweka na kupitia mara kwa mara sera ya kuyatambua maeneo hayo, na kwa maoni yangu imejifunza jambo ambalo wengine hawajajifunza. Katika sera ya kwanza ya mwaka 2013 ilitaja kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Zilikuwa kaunti nzima nzima. Kwale iliingia na Kinango yake yenye kiu, lakini iliingia pia na hoteli za Diani. Kilifi iliingia kwa sababu ya mahali kama Ganze, na Malindi ikaingia nyuma yake. Narok iliingia na Maasai Mara yake. Wakati huo huo mama wa Tiaty, ambaye hali yake haikutofautiana na ya jirani yake wa Pokot Magharibi, alibaki nje kwa sababu tu Tiaty iko Baringo, na Baringo kwa wastani ilionekana kuwa na nafuu. Wastani wa kaunti humficha maskini aliye karibu na tajiri, na humpa tajiri aliye karibu na maskini kisingizio.

Tume ililiona hilo. Sera ya pili, ya mwaka 2018, iliacha kuhesabu kaunti na ikashuka mpaka kwenye kata ndogo, ikapata maeneo 1,424 yaliyotengwa, yaliyosambaa katika kaunti 34. Fikirini maana yake: kutoka 14 hadi 34, bila nchi kuwa imehama wala mvua kubadili makazi. Kilichobadilika ni ukubwa wa tundu la kuchungulia. Wapo waliolalamika kwamba fedha kidogo zilikuwa zinatawanywa nchi nzima, na lawama hiyo ina uzito, hasa ukikumbuka jinsi fedha zenyewe zilivyokawia kutoka na kesi zilizopelekwa mahakamani kuhusu nani azisimamie. Lakini kwa swali la nani ni nani, njia ya pili ilikuwa ya haki zaidi, nami naiunga mkono hata kama ilipunguza fungu la kaunti yangu.

Hata hivyo orodha ya 14 haikufa. Orodha zina miguu. Mradi wa umeme wa jua kwa maeneo yasiyofikiwa na nyaya za taifa, ambao ni mradi mzuri na ninautakia mema, ulichagua kufanya kazi katika kaunti 14, zile zile. Orodha iliyoandikwa ili kugawa fedha za Hazina ikawa ramani ya umeme. Swali la Hazina lilikuwa nani ametengwa kwa jumla. Swali la umeme ni nani anaishi mbali na nyaya. Maswali hayo ni ndugu, lakini si pacha. Kama aliyeamua kuitumia orodha hiyo angeandika mstari mmoja tu, kwamba tumeichukua kutoka sera ya 2013 kwa sababu fulani, tungeweza kubishana naye kwa heshima. Bila mstari huo inabaki kama vile kaunti 14 zilishuka kutoka mbinguni.

Kwetu Tana River ugumu huu unaonekana kwa macho. Kipini, ambako mto unaingia baharini, ni Tana River. Garsen yenye mashamba ya delta ni Tana River. Madogo, ambako asubuhi unasikia Kisomali, Kiorma na Kiswahili kwa pamoja kwenye kibanda kimoja cha chai, ni Tana River. Mvuvi wa Kipini akiambiwa ni mtu wa Kaskazini atacheka. Mfugaji wa Madogo akiambiwa ni mtu wa Pwani atakuuliza pwani ipi. Ukame unapokaza, mifugo kutoka pande zote mbili hushuka mtoni kupitia malka, yaani zile njia ambazo wafugaji na wakulima wa Kipokomo wameachiana tangu enzi za mababu, na malka haina habari kwamba upande mmoja wa daraja ni kanda hii na mwingine ni kanda ile. Mradi ukichimba visima "Kaskazini" na kuishia darajani, mifugo ya Kaskazini yenyewe itavuka ifuate maji kwetu, na ugomvi tutakaoupata hautakuwamo katika ripoti ya mradi huo.

Ninasema haya bila kugusa mgogoro wa mpaka wa maili tatu kutoka mtoni kati ya Tana River na Garissa. Huo ni mpaka wa kaunti, na kifungu cha 188 kimeeleza njia yake: tume huru, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Mimi ninazungumzia mipaka ile mingine, ambayo haihitaji tume wala kura, ambayo ofisa mmoja mwenye kompyuta anaweza kuichora Jumatatu asubuhi na kuwatoa watu 300,000 kabla ya chai ya saa nne.

Wako watakaosema dawa ni kuandika orodha moja ya mwisho, kila kaunti iwe na kanda yake moja, na mjadala ufungwe. Nawaomba msiifuate njia hiyo. Kaunti ya Samburu imo katika umoja wa kaunti za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, imo FCDC, na imo katika muungano wa Amaya pamoja na Baringo, Isiolo na Laikipia, ambako shughuli kubwa ni amani ya mifugo na malisho. Trans Nzoia na Nandi zimo katika umoja huo wa Bonde la Ufa na tena katika umoja wa kaunti za eneo la Ziwa. Sisi wenyewe tumo FCDC na tumo Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Kifungu cha 189 kinaziruhusu serikali za kaunti kushirikiana na kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na hakisemi kila kaunti iwe na mwenzi mmoja. Mtu ana ukoo wa baba na ukoo wa mama, na hakuna anayemwambia achague. Ubaya si kuwa katika mbili. Ubaya ni kutumiwa ile moja kama sababu ya kunyimwa katika ile nyingine.

(Nimeacha makusudi suala la Mlima Kenya, ambako Nakuru na Laikipia huingia na kutoka kwa kutegemea ni mwaka gani wa uchaguzi. Ugonjwa ni ule ule, ila wagonjwa wana sauti kubwa kuliko sisi.)

Mfano mzuri wa kuiga tunao nyumbani. Mamlaka ya Maendeleo ya Ewaso Ng'iro Kaskazini iliundwa mwaka 1989 kufuata bonde la mto. Maji ya mto huo huanzia Mlima Kenya na Aberdare, yakapita Laikipia, yakakatiza nchi ya Samburu na Isiolo, na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Kwa hiyo eneo la mamlaka hiyo lina kaunti nzima nzima, na lina vipande tu vya Meru, Nyeri na Nyandarua. Hakuna anayeshangaa kuona kipande cha Nyeri katika chombo kimoja na Wajir, kwa sababu sababu yenyewe inatiririka mbele ya macho. Sina la kusema hapa kuhusu utendaji wa mamlaka hiyo. Nasifu tu jinsi mpaka wake ulivyopatikana. Walianza na kazi, kipimo kikatoka kwenye kazi, na majina ya kaunti yakaja mwisho.

Ombi langu basi ni dogo, na halihitaji sheria mpya. Waziri atoe mwongozo kwamba hakuna mpango wa serikali, wala wa mfadhili anayefanya kazi na serikali, utakaotangazwa kuwa ni wa "Kaskazini mwa Kenya" au wa "maeneo kame" bila ukurasa mmoja ulio wazi kwa umma. Ukurasa huo ueleze orodha ni ya kazi gani, kipimo kilichotumika ni kipi, takwimu ni za mwaka gani, na mbele ya kila jina iandikwe sababu iliyoliingiza. Kaunti iliyo mpakani mwa kipimo ikiachwa nje, iandikwe pia imeachwa kwa nini. Orodha ikiazimwa kutoka kazi nyingine, isemwe imeazimwa. Na pale kazi yenyewe inapomhusu mtu mmoja mmoja au kijiji, kama ilivyo basari, kisima au zahanati, hesabu ishuke kwenye kata ndogo kama Tume ilivyokwisha kuonyesha kwamba inawezekana, ili kijana wa Madogo apimwe kwa Madogo. Kaunti nzima zibaki kwa mambo ya kaunti nzima, kama barabara kuu na mikataba baina ya magavana.

Ninajua pingamizi litakalokuja. Watu watasema kwamba sababu zikiandikwa wazi, kila mbunge atasimama kudai kaunti yake ina jiwe moja kame na mbuzi wawili wenye kiu. Watadai, ni kweli. Lakini wanadai hata sasa, tofauti ikiwa ni kwamba sasa wanadai faraghani, na anayepata ni mwenye namba ya simu ya mkubwa. Kipimo kilichoandikwa kinaweza kumwambia mbunge hapana bila ofisa kupoteza kazi. Kuna pingamizi la pili, zito zaidi, ambalo nimelisikia kwa wazee wetu: kwamba kuingizwa kwenye orodha si neema siku zote. Wanakumbuka kibali cha NFD, na vijana wao wanakumbuka msasa wa ziada wa kupata kitambulisho katika kaunti za mpakani, ambao Rais aliuondoa mwaka 2025. Hofu hiyo ndiyo inayonifanya nisisitize kazi ya orodha kuliko majina yaliyomo. Orodha ya visima isije ikageuka siku moja kuwa orodha ya vizuizi vya barabarani.

Kwenu Maseneta, mnaozisemea kaunti katika ugavi wa fedha, naomba mlitazame jambo hili kabla ya muda kuyoyoma. Katiba ilianza kufanya kazi tarehe 27 Agosti 2010, na kifungu cha 204 kimejiwekea miaka 20. Maana yake Hazina ya Usawazishaji inafikia kikomo Agosti 2030, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kuiongezea muda, kwa kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Siku ya mjadala huo mtaulizwa fedha hizi ni za nani. Mkiwa na jina "Kaskazini" peke yake, wenzenu wa kaunti nyingine watawapigia kura ya hapana, na sitawalaumu. Mkiwa na kata ndogo, kipimo na sababu, mtakuwa na la kuwaonyesha.

Na mtakapokuja kuwasikiliza wananchi, maana sheria inawataka mje, msifanye mkutano wa kanda katika hoteli ya Mombasa na mwingine katika hoteli ya Isiolo kisha mkahesabu kwamba Tana River imesikilizwa mara mbili. Njooni Madogo. Mkifika darajani piga honi tu, mtaonyeshwa shule.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Madogo, Kaunti ya Tana River